Kupika Hewa

Binti wa jirani yangu hapa Soy anapanga majiko ya watu kwa kompyuta. Juzi alikuja kunijulia hali, akanionyesha kazi yake kwenye simu: jiko jeupe pe, kabati zimepanda mpaka dari, na katikati kisiwa kikubwa cha kaunta chenye bakuli la ndimu juu yake. Nikamwuliza nani anapika hapo. Akacheka. "Kogo, hiyo ni picha tu. Hakuna mtu bado." Ananiita Kogo, yaani nyanya, kama wanavyoniita wajukuu wangu. Nikamwambia nimeona kwamba hakuna mtu, na hilo ndilo linalonisumbua. Alipoondoka, hamu ya kazi ilinikaa kifuani siku nzima, nikashindwa hata na ule usingizi wa mchana ambao ndio mshahara wa mstaafu. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake, na kwenu nyote mlioingia kazi hii majuzi. Mtanivumilia nikiruka huku na huku.

Mimi sikusomea kuchora. Niliingia kwenye mjengo nikiwa mpishi wa mafundi, nawachemshia githeri ya mahindi na maharagwe, na chai, nyuma ya nyumba ambazo hazijaezekwa. Aliyenitoa kwenye moshi ni Fundi Wekesa, seremala wa kabati, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye alikuwa akitafuta penseli yake karakana nzima kumbe iko nyuma ya sikio. Siku moja mwenye nyumba alichelewa kufika, na Wekesa alitaka kujua kaunta iwe na kimo gani. Akaniita nisimame pale nijifanye nakata vitunguu. Nilikata vitunguu visivyokuwepo, nikamwambia punguza, nikakata tena, mpaka tukaridhika sote wawili. Kuanzia hapo alikuwa akiniita kila kazi, na mwishowe akaniambia nitafute mtu mwingine wa kupika githeri kwa sababu sasa mimi nitashika tepu ya kupimia. Nilifanya naye kazi mpaka magoti yangu yalipokataa. Watu wengi mjini Eldoret walinijua kama Mama Jero wa majiko.

Sijui niwaeleze vipi ninavyoikosa ile saa ya kwanza ndani ya nyumba mpya. Asubuhi ni baridi, madirisha hayana vioo, saruji inanuka unyevu, na ukisema neno kuta zinakurudishia. Hakuna kabati wala bomba. Kuna sakafu tupu tu, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na shali mabegani, anajaribu kuyaona maisha yake mahali ambapo hakuna kitu. Mimi nilipenda kuwa mtu wa kumshika mkono na kumwambia, ingia Mama, usiogope, hapa ndipo sinki itakaa.

Katika yote niliyopanga, jiko ninalolikumbuka zaidi ni la Mama Kimutai. Alikuwa mjane wa Ainabkoi, mguu mmoja unamsumbua, na alikuwa akiishi peke yake shambani kwenye ile baridi ya kule inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mwanawe wa kwanza, Kimutai, mwenye malori, alikuwa amemjengea nyumba mtaa wa Elgon View, mjini Eldoret. Mama alikuwa hakatai wala hahami. Alisema atakuja akimaliza kupanda. Akipanda, alisema atakuja baada ya palizi, na palizi ikiisha ilikuwa ni mavuno. Kimutai alikuja karakana yetu akaketi juu ya mbao, funguo za gari mkononi.

"Mama Jero, nyumba imeisha, imebaki jikoni tu. Nisaidie. Fanya jikoni poa mpaka huyu mama akubali kuja. July ingine kama ile imepita, akiwa huko pekee yake na hiyo kifua yake, mimi siwezi."

Hakumaliza. Mtu mzima, na malori yake yote, alikuwa anaogopa kupigiwa simu asubuhi. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu: jiko la kumfanya mama mmoja akubali kutoka kwenye baridi.

Lakini kabla sijawafikisha huko, niwaambie jambo kuhusu visiwa, kwa maana naona nyinyi mnavitia kila mahali kama chumvi.

Kisiwa kilipoanza kuingia Eldoret, Wekesa alikiita meza ya katikati na hakutaka kusikia jina jingine. Wateja walisema ailandi. Kulikuwa na mzee mmoja, baba wa mwenye nyumba, aliyenisikia nikisema kisiwa akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akauliza, "Na maji iko wapi?" Nilimweleza kwamba ni kaunta isiyogusa ukuta, mtu anaweza kuizunguka pande zote. Akafikiri. "Sasa si hiyo ni meza?" Wekesa alifurahi wiki nzima.

Jambo la kwanza la kujua ni nafasi ya kupita. Wengi hupima kwa mtu mmoja mwembamba. Pimeni kwa wanawake wawili wa huku kwetu, wenye afya zao, wanaopishana migongo, mmoja ameshika sufuria ya supu inayochemka. Kisha fungueni mlango wa friji na mlango wa oveni kwa wakati mmoja, muone kama kuna aliyenaswa katikati. La pili, chupa ya chai. Kwenye nyumba zetu chupa ya chai haipumziki, na sijaona mchoro hata mmoja wenye mahali pake. Iwekeeni kona karibu na mlango wa kwenda sebuleni, msimfanye mama avuke jiko zima kila anapobisha mgeni. Na vibuyu vya mursik vitafutieni kabati yenye giza na ubaridi, mbali na moto, la sivyo hayo maziwa ya kuganda yataharibika na lawama ni zenu.

La tatu nilifundishwa na mwalimu mmoja wa kike, mchangamfu sana, aliyetaka jiko lake la gesi, ambalo sisi tuliliita kuka, likae juu ya kisiwa ili apike huku akizungumza na wageni. Tukamfanyia. Mayai yalikaangika vizuri na picha zikapigwa. Halafu akaalika watu wa kanisa. Sasa mfikirie: kaunta ya kimo cha kawaida, juu yake kuka, juu ya kuka sufuria ya ugali wa watu wengi, na ndani ya sufuria mwiko. Mikono yake ilikuwa juu, sawa na mabega. Ugali husongwa kwa uzito wa mwili, mtu huulalia, na yeye hakuwa na mahali pa kuulalia. Sufuria ikaanza kutembea. Wageni wote walikuwa wameketi kuzunguka kisiwa wakimtazama, jasho linamtoka, mpaka mchungaji akavua koti akaja kumshikia sufuria. Alitupigia simu Jumatatu. Tuliihamishia kuka ukutani, tukaishusha kidogo, naye akatusamehe kwa kutupikia ugali huo huo. Pale kisiwani paliwekwa mkate na funguo za gari, na hadi leo ukienda utavikuta.

Baada ya kuka ile ndipo nilipoanza ile njia ambayo mafundi waliiita kupika hewa. Tulikuwa tunachora jiko lote sakafuni kwa ukubwa wake halisi, sinki, kuka, friji, kisiwa, kila kitu. Mwanzoni nilichora kwa unga wa mahindi, kwa sababu nilikuwa nao. Tukaenda kunywa chai, kwenye nyumba moja huku huku Soy, na tuliporudi tukakuta kuku wamekula kisiwa chote na nusu ya sinki. Mama wa nyumba alinigombeza kwa kumwaga chakula chini, kisha akawagombeza kuku. Kuanzia hapo tukatumia chokaa.

Mchoro ukiisha, nilimpa mama mwiko na sufuria tupu, nikamwambia apike chakula cha siku ya kawaida. Bila moto wala maji, hewa tu. Hapo mwanzo wote huona haya. Wanacheka, wanamwangalia Wekesa, wanauliza kama nina akili timamu. Ukimwacha kidogo, mwili wake unasahau kwamba unatazamwa. Mkono unanyoosha kutafuta chumvi, na mahali unaponyoosha ndipo panapotakiwa droo. Anageuka na maji ya moto kutafuta mahali pa kumwaga, na hapo unajua kama sinki iko mbali. Nilikuwa namfuata nyuma na chaki, natia alama. Ukimwuliza mtu anataka jiko gani, atakuambia lile aliloliona kwa rafiki yake. Usimwulize. Mpe mwiko.

Kimutai alimleta mama yake Jumamosi asubuhi. Alikuwa mama mrefu, mkavu, amevaa kofia ya sufu na ameshika fimbo, na alimsalimia kila fundi kwa mkono kabla ya kuingia. Alisimama mlangoni mwa jiko akaitazama mistari yetu ya chokaa.

"Hii yote ni jikoni?"

"Ndiyo, Mama," Kimutai akasema. "Na hii hapa kando ya dirisha ndio island. Watu watakaa hapa, tunakula, tunapiga story na wewe ukipika. Ni ya kisasa."

"Watu gani?"

Kimutai akakuna shingo. "Si sisi, Mama. Watoto wako."

"Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto ili alale.

Nikampa mwiko na sufuria. Akaniuliza apike nini na hakuna moto. Nikamwambia, "Ile unapikanga kila siku, Mama. Sisi tuko na njaa." Akacheka kidogo, akamwachia Kimutai fimbo, akaanza. Alijaza maji kwenye sinki ya chokaa, akaelekea kwenye kuka. Njia hiyo nilikuwa nimeipanga mwenyewe, imenyooka, haina kitu. Lakini alipofika katikati yake akapinda. Akazunguka kidogo kuume, taratibu, kama mtu anayempita ndama aliyelala, kisha akafika kwenye kuka akaweka sufuria. Akarudi kuchukua unga, na mahali pale pale akapinda tena.

Nilimwangalia Wekesa, naye alikuwa ananiangalia. Kimutai akaninong'oneza, "Ni mguu." Ila alipokwenda kwenye mlango wa stoo alinyooka vizuri, na alipokwenda dirishani alinyooka vilevile. Ni pale tu. Alisonga ugali wake wote wa hewa, akaupakua, akaosha sufuria, na kila alipopita pale alipinda.

Nikamwomba Kimutai akatuletee soda na mkate, kwa sababu kuna maneno ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mwanawe. Wekesa naye akasema anaenda kutafuta penseli, ingawa ilikuwa nyuma ya sikio lake.

"Mama," nikasema, "hapo unapita nini?"

"Wapi?"

"Hapa katikati. Unapinda kila saa."

"Mimi? Nimepinda?"

"Kila mara ukipita."

Akaitazama ile sakafu tupu. Akaweka sufuria chini. Kisha akaanza kucheka, akajifunika mdomo kwa shali, na kicheko kikamharibikia humo humo ndani ya shali.

"Ni Mzee," akasema.

Nyinyi wa siku hizi hamjui, kwa hiyo niwaeleze. Wanaume wa rika la mumewe hawakukaa jikoni. Jiko lilikuwa la mama na watoto. Mzee aliletewa chakula alipo, na kama angeonekana ameketi karibu na sufuria, angetaniwa mpaka kaburini. Lakini marehemu huyu alipozeeka kifua kilimsumbua, na Ainabkoi hakuna mahali penye joto kuliko jikoni kwenye kuni. Akaanza kuja kuuliza kiberiti. Halafu akawa anakuja kuuliza kiberiti na kukaa. Mwishowe alikuwa na kigoda chake kati ya pipa la maji na moto, anachagua mawe kwenye maharagwe, na Mama Kimutai anapika akimzunguka. Mbwa akibweka, mzee alikuwa nje kabla mgeni hajafika mlangoni, amesimama uani, mikono nyuma, anakagua mawingu.

"Watu walikuwa wanasema huyu mzee anajua mvua," Mama Kimutai akaniambia. "Walikuwa wanakuja kumwuliza wapande lini."

Tulicheka sana, sisi wawili, kwenye jiko lisilo na moto. Kisha akanishika mkono.

"Usiambie Kimutai. Baba yake alikuwa mtu wa heshima."

"Siwezi, Mama."

"Hakuwa anaongea. Mimi ndio nilikuwa naongea, yeye anachagua maharagwe. Mpaka sasa naongea. Sasa hawa watoto wananiambia nihame, huko ni baridi. Najua ni baridi. Lakini nikitoka, si nitamwacha huko jikoni pekee yake?"

Kumbe hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya palizi na mavuno yote. Mimi si mtu wa kulia kazini, Wekesa angewaambia, lakini machozi yalinijaa, nikajifanya chokaa imeniingia machoni. Nilikuwa nimekuja na hesabu za droo na nafasi za kupita, na sikuwa na kipimo cha jambo hili. Nikasema tu nilichokiona.

"Lakini Mama, hujamwacha. Umekuja naye. Si ndiye umemzunguka hapa asubuhi yote?"

Akaangalia miguu yake, viatu vyake vyeupe kwa chokaa.

"Naweza kuacha hapa wazi," nikaendelea. "Nisiweke kitu. Pabaki hivi hivi."

Akaenda mpaka pale, bila fimbo, akasimama kando yake. Nje nilisikia gari la Kimutai likirudi. Mama alifikiri mpaka mlango wa gari ulipofungwa, kisha akanigeukia.

"Hapana. Hiyo kisiwa yenu, ilete hapa."

"Hapa hapa? Itakuzuia njia."

"Izuie. Nikizunguka hewa, hawa watoto watasema mama amechanganyikiwa. Nikizunguka kisiwa, watasema mama anapika."

Nilifuta mistari kwa mguu, nikaichora upya palepale aliponionyesha. Ni kinyume cha kila kitu nilichowafundisha hapo juu. Kisiwa kilikaa katikati ya sinki na kuka, mahali ambapo mpangaji yeyote angekiondoa kwanza. Wekesa aliporudi alifyonza meno, akapima, akapima tena, akanitazama usoni, akaitoa penseli nyuma ya sikio. Alikipunguza upana ili Mama apite vizuri na mguu wake, na kona ile ya kuume, pale alipokuwa anapindia, akaikata mviringo. Kuikata mviringo granaiti, lile jiwe la juu ya kaunta, ni kazi ya kumkasirisha mtu, lakini aliisimamia mwenyewe.

Lakini asubuhi ile Kimutai aliingia na soda, akasimama. "Si hii ilikuwa pale kwa dirisha? Hapa si itamsumbua akitoka kwa sinki?"

"Mama ametaka hapa," nikasema.

Akageuka kwa mama yake. Nilimwona anataka kubishana, anazo sababu zote, na sababu zake zilikuwa nzuri. Badala yake akauliza, "Ikikaa hapo, utahama?"

"Nitahama."

"Basi ikae hapo," Kimutai akasema, na akaanza kufungua soda kwa haraka kana kwamba mama angebadilisha nia.

Alihama kabla ya baridi kuanza, na mahindi yakiwa bado shambani. Sasa nimekaa hapa Soy na magoti yangu, mkinionyesha picha za majiko mazuri kuliko yote niliyowahi kupanga, na ninachotamani ni kurudi kwenye sakafu moja tu tupu, baridi inaingia dirishani, nimfuate mama mmoja kwa chaki bila kujua ataelekea wapi. Kompyuta zenu ni nzuri. Mimi najitamania tu.

Niliitwa Elgon View mara moja baadaye, kurekebisha droo ya vijiko iliyokuwa inakwama. Mama Kimutai alikuwa peke yake, kofia ya sufu ameiacha, anapika chakula cha mchana. Nikachuchumaa kando ya kabati nikaitoa droo. Alitoka kwenye sinki na sufuria ya maji, akafika kisiwani, akapinda kwenye ile kona ya mviringo bila hata kuiangalia, kiganja kimoja kikipita juu ya jiwe. Midomo yake ilikuwa inasonga. Nilidhani ananisemesha, nikainua kichwa kumjibu, kisha nikaona si mimi. Alikuwa anasimulia jambo fulani la jirani na ng'ombe wake, polepole, na mara moja akacheka. Nikarudi kuinamia droo yangu. Ilikuwa imeshapona, inaingia na kutoka vizuri, lakini niliendelea kuitengeneza mpaka alipomaliza kusonga ugali.